Bima ya hiari Pemba itaanzia dirisha la dawa

Swali la kama wagonjwa wako tayari kulipia bima ya afya kwa hiari yao huulizwa kana kwamba jibu limo moyoni mwa mgonjwa, na kazi ya mtafiti ni kulichimbua tu. Pemba swali hili lina uzito mpya tangu 2023, Zanzibar ilipotunga sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya (ZHSF) na kuanza na watumishi wa umma, ambao mchango wao unakatwa kabla mshahara haujawafikia. Hao hawakuulizwa hiari. Waliobaki ndio wengi: mchumaji karafuu, mama wa mwani, mvuvi, fundi, dereva wa gari ya shamba, na mwenye meza ya biashara inayopata wateja wa kweli siku za Idi tu, pale watoto wa Chake Chake wanapofurika uwanja wa Tibirinzi. Hawana mwajiri wa kuwakata. Ninachodai ni kwamba watu hawa wako tayari kulipa, ila utayari wao una masharti mawili, dawa na msimu, na yote mawili yako mikononi mwa wanaoendesha hospitali na mfuko.

Tuanze na namna utayari unavyopimwa. Mtafiti anakaa na mgonjwa wodini, au kwenye benchi la wagonjwa wa nje, anamweleza bima ambayo bado haipo, kisha anamtajia kiasi. Akikubali, kiasi kinapandishwa. Akikataa, kinashushwa, mpaka wafike pale anaposema basi. Njia hii inatumika dunia nzima na siidharau. Lakini anayeulizwa akiwa kitandani, au akimuuguza mwanawe, ana kila sababu ya kusema ndiyo siku hiyo. Mgeni mwenye karatasi na kalamu, ndani ya hospitali ambayo bado unasubiri ikuhudumie, si mtu rahisi kumwambia hapana. Adabu yetu haituruhusu. Tena yuko ambaye hakuulizwa kabisa: mtu wa Kojani au Makoongwe aliyebaki kisiwani kwa kukosa nauli ya chombo na ya gari. Wingi wa ndiyo zinazotoka wodini unatueleza hamu ya watu kuliko malipo yatakayoingia mfukoni, na ndiyo maana mipango mingi ya bima Afrika ilianza na matumaini makubwa ikaishia na wanachama wachache.

Mfano wa karibu tunao. Tanzania Bara ilianza majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii wilayani Igunga mwaka 1996, na sheria yake ikapitishwa 2001. Kiingilio kilikuwa kidogo. Hata ulipoboreshwa kuanzia 2018, kaya ya watu 6 katika mikoa mingi ilitakiwa shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani shilingi 5,000 kwa kila mtu. Kiasi hicho hakiwashindi wengi, hata mashamba. Hata hivyo uandikishaji ulisuasua kwa miaka, na kila walipoulizwa kwa nini hawajiungi au hawarudii kulipa, sababu moja ilijitokeza tena na tena: tunalipa, tukifika dawa hakuna.

Ni lazima tutue hapo, maana hapo ndipo bima inapoaminiwa au kukataliwa. Mgonjwa anatoka kwa daktari na cheti chenye dawa tatu. Dirishani anapewa moja, na zile mbili zinazungushiwa duara kwa kalamu: kanunue. Anayemuuguza anatoka na cheti kile hadi duka la dawa, anauliza bei, anahesabu alichonacho, na mara nyingi ananunua nusu ya dozi. Kama mfukoni ana kadi ya bima, amelipa mara mbili kwa ugonjwa mmoja. Hahitaji semina ya kumweleza faida za bima. Amekwisha kuzipima, na mizani yake ni sahihi. Mwenzake wa pili na wa tatu watamsikiliza yeye kuliko tangazo la redioni. Kwa hiyo takwimu za utayari wa kulipa zinapotoka chini, tusikimbilie kusema wananchi hawana elimu ya bima. Takwimu hizo zinapima hospitali kabla ya kuwapima wagonjwa.

Sharti la pili ni msimu, na hili Pemba lina sura yake. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kisiwa hiki. Uchumaji mkubwa huanza Julai na kuendelea hadi mwishoni mwa mwaka, na si kila mwaka mikarafuu inazaa sawa. Katika miezi hiyo fedha taslimu inaonekana: mchumaji analipwa kwa pishi, mwenye shamba anapeleka karafuu kavu kituo cha Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar (ZSTC) na kuondoka na pesa yake. Ikifika Machi au Aprili, nyumba ile ile inakopa unga dukani. Mtu huyu ukimuuliza Oktoba atakwambia kiasi kimoja, na ukimuuliza Aprili atakwambia kingine, na majibu yote mawili ni ya kweli. Utafiti uliofanywa mara moja, kwa wiki mbili, hauwezi kumwona. Na mfuko unaodai mchango kila mwezi kama wa mshahara utamfuta uanachama katika miezi ya dhiki, ambayo ndiyo miezi ya mvua na homa. Kenya, tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipoanza tarehe 1 Oktoba 2024, imewataka wasio na ajira rasmi walipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na wengi wamejiandikisha bila ya kulipa. Mkupuo unaweza kufaa kisiwani kwetu, lakini ukidaiwa wakati karafuu ziko majamvini. Mama wa mwani, ambaye pesa yake huja kidogo kidogo mwaka mzima, anahitaji utaratibu mwengine kabisa.

Wapo watakaosema hoja yote hii haifai kuletwa Zanzibar, kwa sababu baada ya Mapinduzi ya 1964 matibabu yalitangazwa kuwa bila ya malipo, na ahadi ile ni haki ya raia. Naiheshimu hoja hii kuliko nyengine zote. Ahadi ile iliwafikisha hospitali watu ambao babu zao hawakupata kumwona daktari, na atakayeibomoa bila ya kuweka kitu bora zaidi atakuwa amewadhulumu. Lakini tutazame kinacholipwa leo. Dawa zilizozungushiwa duara zinalipwa. Kipimo kinachofanyika nje kinalipwa. Mgonjwa anayepewa rufaa kwenda Mnazi Mmoja au Muhimbili analipa boti, yeye na anayemsindikiza, na malazi ya huko, na mara nyingi ni kwa kuuza ng'ombe au kuweka rehani mikarafuu. Malipo yapo, kinachokosekana ni kuyagawana mapema kati ya wazima na wagonjwa. Bima inayostahili kuitwa jina hilo Pemba ingegharamia hata safari ya rufaa. Isipogharamia, mkulima wa Micheweni atakuwa anamchangia mtu wa Mjini Unguja, ambaye hospitali kubwa iko jirani yake.

Pingamizi la dini nalo si la kupuuzwa katika kisiwa ambacho karibu watu wote ni Waislamu. Wasiwasi wa riba na gharari (mashaka ndani ya mkataba) katika bima ya biashara ni wa haki, na masheikh wanaoutaja hawazuii maendeleo. Jawabu lake limeshatolewa ndani ya fiqhi yenyewe: mwaka 1985, huko Jeddah, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikataa bima ya kibiashara yenye mchango usiobadilika, likakubali ile ya ushirika iliyojengwa juu ya kuchangiana. Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa 1969, nalo limekwisha kufungua huduma ya takaful, yaani bima ya Kiislamu. Mfuko ukiendeshwa kwa misingi hiyo na kuyaeleza mahesabu yake misikitini, pingamizi hili litageuka kuwa msaada.

Linalonitia hofu zaidi ni lile la hiari yenyewe. Hiari huwavuta wagonjwa na kuwaacha wazima nje, kisha mfuko unafilisika. Toto Afya Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) wa Bara ni ushahidi: mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka, wengi wakakata kadi mtoto alipokwisha kuugua, gharama zikaipita michango kwa mbali, na Machi 2023 usajili wa mtoto mmojammoja ukasitishwa, wazazi wakaelekezwa kuandikisha watoto kwa makundi kupitia shule. Rwanda ilipita njia hiyo hiyo ya hiari. Ilianza majaribio ya mutuelle, bima ya afya ya jamii, mwaka 1999 katika wilaya tatu na waliojiunga mwanzoni walikuwa wachache; leo zaidi ya wananchi 8 katika kila 10 wamo. Kilichobadilika ni kwamba kujiunga kulifanywa wajibu kwa sheria, serikali ikawalipia masikini, na vikundi vya akiba vya vijijini, ibimina, vikatumika kukusanya mchango kidogo kidogo kabla ya mwaka mpya wa bima.

Vikundi vya namna hiyo Pemba si vigeni. Vya kuweka na kukopa vipo kila shehia, upatu wa kina mama upo, na vinaaminiwa kwa sababu kila mwanachama anamjua anayeshika sanduku. Mfuko ukaandikishe vikundi vizima, Tibirinzi iwe miongoni mwa shehia za mwanzo, usimfuate mtu mmojammoja kitandani. Wasioweza kabisa nao si wa kubahatisha: tangu 2016 serikali inalipa pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, orodha ziko kwa masheha, na mchango wa wazee hao ulipwe na hazina bila ya kuwadai chochote. Wajibu wa kisheria ungoje. Kabla ya kumlazimisha yeyote, mfuko uziwekee hospitali za Pemba orodha fupi ya dawa zisizotakiwa kukosekana hata siku moja, orodha hiyo ibandikwe ukutani pembeni mwa dirisha, na kila dawa iliyokosekana mfuko uilipie katika duka la karibu kwa cheti kile kile, bila ya mgonjwa kutoa pesa mfukoni. Hilo lifanyike kwa msimu mmoja wa karafuu, kuanzia Julai, halafu mtafiti arudi wodini na swali lake.