Kapasita za redio ya valvu: wapi ubane pesa, wapi usibane

Ukirithi redio ya valvu Kilwa Kivinje, hamu ya kwanza ni kuichomeka ukutani uisikie kama bado inasema. Usithubutu. Kapasita zake za karatasi na nta zimekaa kwenye hewa ya bahari tangu enzi za Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza 1951, na karatasi hunywa unyevu. Itazame nyuma kwanza. Kama ni ya betri kavu ya volti 90, hofu yako ni ndogo. Yenye waya wa umeme ndiyo ya kuipangia pesa.

Njia ya bei ya chini kabisa ni kunyofoa kapasita kwenye redio nyingine kuukuu. Huko ni kutoa mgonjwa na kuweka mgonjwa. Nunua mpya za poliesta au polipropilini, volti 630. Zinazidi za volti 400 kwa pesa kidogo tu, wala usihangaike na chapa. Kati ya hizo, anza na ile inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho. Ikivuja hata kidogo, valvu huvuta umeme kupita kiasi, ikajiunguza pamoja na transfoma ya spika. Kapasita yenyewe ni pesa ya chai na maandazi. Transfoma utaitafuta Lindi hadi Mtwara.

Kapasita kubwa za kuchuja umeme usizikubali za kunyofolewa kwenye runinga mbovu, maana hukauka kwa joto na umri. Chukua mikrofaradi 47, volti 450. Muuzaji akikupa 220 kwa bei ileile, kataa: valvu ya EZ80, kwa mfano, haitaki zaidi ya 50 mbele yake.

Pasipobanwa pesa ni kwenye zile zinazogusa umeme wa ukutani. Maandishi ya volti 400 kwenye kapasita ya kawaida yanadanganya wengi; hizo ni volti za mkondo mnyoofu. Umeme wetu wa volti 230 hupanda hadi 325 katika kila mzunguko, bado hujahesabu mshtuko wa umeme unaporudi baada ya kukatika. Kati ya nyaya mbili za umeme weka kapasita yenye alama ya X2. Kutoka kwenye umeme kwenda kwenye chasisi au antena weka Y2, iliyoundwa ili ikifa ikate njia, isiunganishe. Ya kawaida ikiungana, chasisi nzima inabeba umeme, na wewe uko peku kwenye sakafu ya saruji. Bei ya X2 au Y2 ni mara kadhaa ya ile ya kawaida, lakini redio nzima inahitaji mbili tatu tu.

Agiza zote Kariakoo kwa mkupuo mmoja, maana nauli ndiyo ghali. Fundi asiguse kitu kabla hajachomoa waya na kumwaga kwa rezista umeme uliobaki ndani. Nawe kabla hujalipa, soma ubavuni mwa kapasita za umeme wa ukutani: isiyoandikwa X2 au Y2, irudishe.