Historia, siasa na haki jinai katika chuo cha kanisa: mtoto anasomea nini hasa?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali hili huanza kuzunguka majumbani. Mtoto amesoma HGL au HGK, amefaulu, na sasa anataka kwenda chuo kikuu cha kanisa kusomea historia, siasa au mambo ya sheria na makosa ya jinai. Ada inaweza kupatikana, lakini ni mpaka wauzwe ng'ombe wawili, au shamba liwekwe rehani. Mzazi anauliza: akimaliza atakuwa nani? Mchungaji? Polisi? Wakili?

Leo tunaeleza masomo haya yanahusu nini, kanisa linaingia wapi, na mambo ya kuuliza kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Haki jinai ni nini?

Haki jinai ni safari nzima ya kosa la jinai. Inaanza kwa polisi wanaokamata na kupeleleza, inapita kwa waendesha mashtaka na mahakama, inafika magereza na kwa maofisa wanaosimamia wanaotumikia adhabu nje ya gereza. Neno hili lilisikika sana mwaka 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipounda tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Huko Marekani, baadhi ya vyuo vikuu vya Kikristo huweka historia, siasa na haki jinai katika idara moja. Kwetu Tanzania kwa kawaida masomo haya yamegawanyika. Historia husomwa zaidi ndani ya shahada ya ualimu. Makosa ya jinai husomwa ndani ya shahada ya sheria. Siasa huwa na shahada yake au huunganishwa na utawala. Vyuo vya makanisa vinavyofundisha sheria na ualimu vipo, mfano SAUT ya Mwanza, inayomilikiwa na Kanisa Katoliki, na Tumaini Makumira ya Walutheri, Usa River mkoani Arusha.

Kwa nini yanasomwa kwa pamoja?

Tuchukue mfano mmoja wa kwetu. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa na serikali ya mkoloni kwa makala aliyoandika katika gazeti la Sauti ya TANU, akiwalaumu maofisa wa wilaya. Mahakama ya Dar es Salaam ilimtia hatiani. Aliambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi sita. Akalipa faini.

Mwanafunzi wa historia atauliza: kesi hii ilitokea wakati gani, na nini kilikuwa kinaendelea nchini? Wa siasa atauliza: nani alikuwa na mamlaka, na aliogopa nini? Wa haki jinai atauliza: kosa lenyewe lilikuwa lipi, ushahidi ulikuwa upi, na adhabu ilistahili? Ukiuliza moja tu kati ya hayo, unabaki na kipande cha habari.

Na habari haiishii hapo. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata, serikali ya TANU, chama cha Nyerere yuleyule, ilipitisha sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Wapo waliosema nchi ilikuwa changa na ililazimika kujilinda. Wapo waliosema mtu asiyefikishwa mahakamani hana pa kujitetea. Miaka 30 baadaye, tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa na Rais Ali Hassan Mwinyi, ilitaja sheria 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa. Sheria hiyo ya kizuizini ilikuwa mojawapo.

Hilo ndilo mwanafunzi analofundishwa kuliona: sheria hutungwa na watu, wakati fulani, kwa sababu fulani. Anayejua hivyo hatishiki kirahisi akiambiwa "ndivyo sheria inavyosema". Ataomba aonyeshwe kifungu.

Kanisa linaingia wapi?

Kusoma chuo cha kanisa si kusomea uchungaji wala upadri. Shahada hizi hufuata masharti yaleyale ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Waislamu na watu wa imani nyingine wanasoma humo pia. Tofauti huonekana katika somo la maadili, ibada na taratibu za maisha chuoni, na katika swali linalorudiwa mara nyingi: mkosaji ni nani mbele ya Mungu, na tumfanyie nini?

Chuo kizuri cha Kikristo hakikwepi makosa ya Wakristo wenyewe. Historia ya magereza ina funzo moja kali. Mwaka 1829 huko Philadelphia, Marekani, lilifunguliwa gereza lililotokana na juhudi za watu wa dini, wakiwemo Waquaker. Nia yao ilikuwa njema. Walitaka kuachana na viboko na msongamano. Kila mfungwa akawekwa peke yake katika chumba chake, na Biblia, ili atafakari na kutubu. Lakini upweke ule uliwaharibu wengi akili. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842, akaandika kwamba upweke huo ulikuwa mateso mabaya kuliko ya mwili.

Kwa hiyo imani peke yake haitoshi kuendesha gereza au mahakama. Inabidi pia kupima: kile tulichokusudia ndicho kilichotokea? Kijana akijifunza kuuliza hivyo kuhusu kanisa lake mwenyewe, ataweza kuuliza hivyo pia kuhusu serikali, chama na baraza la kijiji.

Kabla ya kuuza ng'ombe

Yapo mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, hakikisha chuo na shahada yenyewe vinatambuliwa na TCU. Vyote viwili. Chuo kinaweza kutambuliwa, kumbe kozi fulani bado. Orodha ipo kwenye tovuti ya TCU, na inafunguka hata kwa simu.

Pili, ujue shahada inaishia wapi. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili. Lazima apite Shule ya Sheria kwa Vitendo, kisha aapishwe na kuandikishwa. Shahada ya historia au siasa haimpeleki kwenye uwakili kabisa. Upolisi una usaili na mafunzo yake, hata kwa mwenye shahada.

Tatu, uliza njia fupi. Anayetaka kazi za mahakamani anaweza kuanza na cheti au stashahada ya sheria katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Anayetaka kuwasaidia wanakijiji anaweza kuwa msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hiyo haihitaji shahada.

Nne, mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni. Akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka aumalize. Kaeni naye mpige hesabu hiyo kabla hajaomba.

Tusidanganyane: kazi za moja kwa moja kwa shahada za historia na siasa si nyingi. Lakini tusiseme pia kwamba ni masomo ya bure. Vijijini kwetu watu bado wanadaiwa fedha ili wapewe dhamana ya polisi, ilhali dhamana haiuzwi. Wengine wanasaini maelezo ambayo hawakusomewa. Kijiji chenye hata mtu mmoja anayejua haki hizo, na asiyeogopa kuzitaja, kina nafuu.

Kwa hiyo mzazi, usimuulize mtoto tu atapata kazi gani. Muulize pia anataka kumtetea nani, kisha mtafute pamoja njia itakayomfikisha huko kwa gharama mnayoimudu.