Fundi Amesema Miguu Yote ya Gari Ibadilishwe: Tulipe au Tusubiri?



Ndugu yetu mmoja wa Unguja ametuuliza hivi, kwa ufupi: gari yake inagonga chini kila akipita kwenye matuta. Ameipeleka gereji, fundi akamwambia shokapu zote nne, bushi zote na bolijointi zimekwisha, jumla shilingi 1,400,000. Fedha aliyonayo ni ada ya skuli ya watoto. Na gari hiyo hiyo ndiyo inayowapeleka watoto skuli na kumpeleka mama yake hospitali. Anauliza: alipe, au fundi anamla? Na akiacha, likatokea la kutokea, dhima ni ya nani?

Tumeona tulijibu kwa urefu, kwani wengi wamefikwa na mfano wake.

Kukagua si dhana mbaya

Baadhi yetu tunaona haya kumuuliza fundi, tukikhofia kuwa tumemdhania vibaya. Sivyo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipopita kwa muuza chakula sokoni alitia mkono ndani ya fungu, akakuta chini kumerowa na juu kukavu, akamkemea muuzaji kwa kuificha aibu ya bidhaa. Hadithi hii ameipokea Muslim. Kutazama kilicho chini ya fungu ni haki ya mnunuzi, na kutazama kilicho chini ya gari ni haki ya mwenye gari. Ama kumwita fundi mwizi kabla ya kutazama, hiyo ndiyo dhana tuliyokatazwa.

Na Allaah Ametuamrisha katika Suuratun-Nahl tuwaulize wenye ujuzi tusipojua. Kwa hiyo kabla ya kuandika haya tumewauliza mafundi tunaowaamini.

Kila kifaa na kazi yake

Springi ndizo zinazobeba uzito wa gari. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka. Bushi ni mipira inayokaa kwenye maungio ili chuma kisigongane na chuma. Linki za stabilaiza husaidia gari isilale upande kwenye kona. Bolijointi na tairodi ndizo zinazoushika mguu wa mbele na kuuelekeza unapokata sukani.

Basi vifaa hivi havilingani kwa hatari. Linki iliyolegea hupiga kelele nyingi, na mara nyingi haina hatari ya haraka. Bolijointi iliyokwisha huenda ikapiga kelele kidogo tu, lakini ikichomoka mguu hulala chini na gari haishikiki tena. Ukubwa wa kelele si kipimo cha ukubwa wa hatari.

Sisi wenyewe yametufika. Gari yetu ilikuwa ikigonga mbele, tukabadilishiwa shokapu mbili, na mgongo ukabaki vile vile. Fundi mwengine alipoitia jeki akatuonyesha linki moja iliyolegea, kifaa cha bei ndogo. Yule wa kwanza hatusemi alikusudia kutudanganya. Alikisia kwa sikio, nasi tukalipa bila ya kuomba kuonyeshwa.

Namna ya kukagua

Anza na yasiyo na gharama. Tazama upepo wa tairi, nati za miguu, tairi ya akiba kama imefungwa vizuri, jeki iliyomo kwenye buti, na ekzosi kama inaning'inia. Vyote hivi hugonga, na watu hudhani ni miguu.

Kisha shokapu. Kandamiza kona ya gari kwa nguvu, halafu achia. Ikipanda na kutulia, ni dalili njema. Ikiendelea kuchezacheza, imechoka. Kipimo hiki peke yake hakitoshi, basi tazama na mwili wa shokapu: unyevunyevu mdogo wa mafuta si hoja ya kuibadilisha, lakini mafuta yanayochuruzika ni hoja. Tazama pia tairi kama imelika kwa mabonde mabonde, na kama gari inainamisha pua sana unapokanyaga breki.

Kisha mguu wa mbele. Fundi aunyanyue kwa jeki na aweke kigogo au stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Ashike tairi juu na chini, aitikise. Ikicheza, tatizo ni beringi au bolijointi. Mtu mwengine akanyage breki, na ikiacha kucheza, aghlabu ni beringi. Kisha ashike kushoto na kulia. Ikicheza hapo, hutazamwa tairodi. Wewe uwepo, uone kwa macho yako na ushike kwa mkono wako.

Bushi zitazamwe kwa tochi. Nyufa ndogo juu ya mpira ni uzee tu. Mpira uliochanika hadi chuma kikacheza ndio uliokwisha. Na sisi watu wa visiwani tuzitazame springi pia, kwani chumvi ya bahari inakula chuma. Gari iliyolala upande mmoja huenda springi yake imekatika, na ncha yake inaweza kuchana tairi.

Mafungu matatu

Mwambie fundi aigawe orodha yake:

1. Ya leo: bolijointi au tairodi inayocheza, springi iliyokatika, beringi iliyolegea. Gari yenye moja ya haya isibebe watoto hata siku moja.
2. Ya karibuni: shokapu inayovuja, bushi iliyochanika. Endesha taratibu huku ukikusanya fedha, na usikawie, kwani shokapu mbovu hurefusha masafa ya kusimama na hula tairi.
3. Ya kusubiri: linki inayogonga kidogo, bushi yenye nyufa tu.

Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia kwa pamoja. Lakini za nyuma kuchoka si dalili kuwa na za mbele zimechoka. Ikibadilishwa tairodi au mkono wa mguu, gari ipelekwe alaimenti. Na bushi za mikono zikazwe gari ikiwa imekaa kwenye miguu yake, kwani zikikazwa miguu ikining'inia, mpira hujinyonga na kufa mapema.

Makubaliano na fundi

Ujira ujulikane kabla ya kazi. Ukaguzi uwe na malipo yake peke yake, ili fundi asilazimike kutafuta riziki yake ndani ya orodha ya spea. Tunapenda rahisi, tukamnyima fundi ujira wa macho yake, kisha tukashangaa akiongeza vifaa.

Na nyinyi mafundi, ndugu zetu: anayeombwa ushauri amebebeshwa amana. Ukitumwa dukani kununua spea, wewe ni wakili, na "cha juu" unachokificha si halali yako. Taka ujira wako waziwazi. Na vifaa vya zamani mrudishieni mwenyewe, ni mali yake.

Jibu la ndugu yetu

Usilipe 1,400,000 leo, na wala usiipuuze. Lipia ukaguzi kwa fundi wa pili asiyeuza spea, bila ya kumwambia alichosema wa kwanza. Bolijointi ikithibiti inacheza, itengeneze hiyo kwanza, hata kama itapungua sehemu ya ada, na zungumza na skuli wakupe muda. Ukikosa kabisa, gari ikae, watoto wapande daladala. Usikimbilie mkopo wa riba.

Ama dhima: aliyekagua, akatengeneza la hatari kisha akamtegemea Allaah, amefanya lililo juu yake. Aliyejua mguu unacheza akapakia mama yake na watoto, huyo ataulizwa. Na ukiamua kuiuza, mweleze mnunuzi aibu yake. Kuificha huondosha baraka ya biashara.

Na Allaah Anajua zaidi.