Panya Weupe na Mahindi ya Manjano

Mtoto asiyepata vitamini A ya kutosha huanza kwa kushindwa kuona giza linapoingia. Wenzake huendelea kucheza uani, naye hujikwaa katika mawe na vigoda kana kwamba amefungwa kitambaa usoni. Asipotibiwa, macho hukauka, kisha utando wa mbele wa jicho huharibika, na akiisha kufikia hapo hakuna dawa ya kumrudishia nuru yake. Habari za jinsi kitu hicho kilivyogunduliwa zastahili kujulikana na kila mtu alaye ugali, kwa maana sehemu yake kubwa ilitokana na mahindi, na kazi ilifanywa na vijana waliokuwa bado masomoni.

Mambo yenyewe yalianzia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, huko Marekani, mwaka 1907. Walimu wa kilimo walichukua mitamba 16, wakawagawanya makundi manne. Kundi la kwanza lilipewa mahindi tu, yaani punje pamoja na majani na mabua yake. La pili ngano na majani yake. La tatu oti. La nne mchanganyiko wa vyote vitatu. Wataalamu wa kemia walikwisha kupima vyakula hivyo hata vikawa sawasawa kwa protini na kwa nguvu, hivyo kwa hesabu ya karatasi wanyama wote wangestawi sawa. Haikuwa hivyo. Ng'ombe wa mahindi waling'aa manyoya, wakazaa ndama wenye nguvu. Ng'ombe wa ngano walidhoofu, wengine wakapofuka, na ndama wao walizaliwa wamekufa au wakafa baada ya siku chache. Jaribio lilimalizika mwaka 1911, na hakuna aliyeweza kueleza sababu.

Miongoni mwa wasaidizi wa jaribio hilo alikuwamo kijana Harry Steenbock, mtoto wa shambani, aliyezaliwa mwaka 1886 katika jimbo lilo hilo na kupata digrii yake ya kwanza mwaka 1908. Aliwekwa kazini huku akiendelea na masomo. Kazi ya msaidizi wa namna hiyo haina fahari: ni kupima chakula asubuhi, kupima masazo jioni, na kuandika tarakimu daftarini siku baada ya siku. Lakini mtu aliyewaona ndama wale kwa macho yake hakuweza kuwasahau upesi.

Mwalimu mmoja kijana, E. V. McCollum, aliona kwamba kwa ng'ombe jibu lingechelewa mno. Panya hukua kwa majuma machache, na chakula chake ni kidogo. Wakubwa wake hawakupendezwa na shauri hilo. Kwao panya alikuwa adui wa mkulima, na kumlisha kwa fedha za chuo cha kilimo kulionekana kama mzaha. McCollum alijaribu kwanza panya wa zizini, akawaona wakali mno, ndipo alipokwenda Chicago akanunua panya weupe 12 kwa dola 6.

Aliyewatunza panya hao hasa alikuwa Bibi Marguerite Davis, mwanamke kijana aliyepata digrii California mwaka 1910, akarudi Wisconsin kuendelea na masomo. Alifanya kazi hiyo miaka mitano bila mshahara. Watu wengi wanaomsifu McCollum humsahau, nayo si haki, kwa kuwa jina lake limo pamoja na la McCollum katika taarifa iliyotangazwa mwaka 1913. Waliona kwamba panya waliopewa mafuta ya nguruwe au ya zeituni walikua kwa muda, kisha wakasimama. Waliopewa mafuta ya siagi au ya kiini cha yai waliendelea kukua. Basi mafuta si mafuta tu. Ndani ya mengine mna kitu kidogo sana ambacho mwili hauwezi kukosa, nacho ndicho kilichoitwa baadaye vitamini A.

Steenbock, akiwa sasa ameipata shahada ya udaktari mwaka 1916, alikumbuka mahindi. Aliwalisha panya wengine mahindi meupe, na wengine mahindi ya manjano. Wa manjano walikua. Wa meupe walidumaa. Karoti na viazi vitamu vya rangi ya manjano vilifaa vivyo hivyo. Mwaka 1919 aliandika kwamba huenda vitamini hiyo inafungamana na ile rangi. Jambo moja lilimtatiza yeye na wenzake: mafuta ya ini yana vitamini tele, wala hayana rangi hiyo. Jibu lilipatikana Cambridge, Uingereza, mwaka 1930, Thomas Moore alipoonyesha kwamba mwili wenyewe huigeuza rangi ya manjano ya mimea, iitwayo karotini, kuwa vitamini A isiyo na rangi kama hiyo, na kuiweka akiba katika ini. Majani mabichi nayo yana karotini hiyo, ila imefichwa na ukijani.

Katika Kenya jambo hili si la mbali. Walowezi walileta mbegu nyeupe kama Hickory King, na mahindi meupe ndiyo yaliyokuwa posho ya vibarua. Wenyeji wakayazoea hata wakayaona ndiyo mahindi ya heshima. Wakati wa njaa ya mwaka 1984, mahindi ya manjano yalipoletwa kutoka ng'ambo, wengi waliyala kwa kunung'unika, wakisema ni chakula cha mifugo. Kwa habari ya macho, mifugo hiyo ilikuwa imepewa fungu lililo bora.

Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imewataka wenye viwanda kutia vitamini A katika unga wa mahindi unaouzwa pakitini. Unga unaosagishwa katika mashine ya kijijini mara nyingi hautiwi kitu, na familia nyingi za mashambani hula huo. Kwa nyumba hizo vitamini ya mtoto hutoka katika sufuria ya mboga: terere, mchicha, majani ya kunde, pamoja na papai na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Mboga hizo zatakiwa zipikwe kwa mafuta kidogo, kwa kuwa pasipo mafuta sehemu kubwa ya karotini hupita tumboni bila kumfaa mtoto.