Njia ya Kibarani na Moyo wa Mtoto

Aliyekulia Mombasa hahitaji kuelezwa Kibarani ni wapi, kwa kuwa kwa miaka mingi pua yake ndiyo iliyomjulisha kabla ya macho: hapo ndipo zilipotupwa taka za mji, mpaka serikali ya kaunti ilipolifunga jaa lile mwaka 2018 na kuipanda miti ardhi yake. Leo msafiri wa bara hutoka kisiwani kwa daraja la Makupa, akapita Kibarani huku malori ya makontena yakimpita ubavuni, akashika njia ya Changamwe na Miritini. Na ikiwa msafiri huyo amepanda baiskeli, na nia yake ni Nairobi, basi mbele yake yamelala masafa ya karibu kilomita 480, na mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya bahari anayoiacha nyuma.

Wako watu duniani wanaojitia katika mashaka ya namna hii kwa hiari yao, ili zipatikane fedha za kuwapasulia moyo watoto wa maskini. Utaratibu wake si mgumu: mwendeshaji huwaendea jamaa, majirani na matajiri wa mtaa, akawaambia atakwenda kilomita kadha wa kadha, na kila mmoja akaahidi kitu kwa kila kilomita, au akatoa kwa mkupuo kwa M-Pesa; na nauli ya kurudia na chakula cha njiani mwendeshaji, akiwa mwungwana, hujilipia mwenyewe. Nchini Kenya mwenendo huu umezoeleka zaidi kwa miguu kuliko kwa magurudumu, kwani tangu mwaka 1993 Hospitali ya Mater ya Nairobi, iliyoasisiwa na watawa wa Kikatoliki, imekuwa ikiandaa Mater Heart Run, ambapo wazee kwa vijana hununua fulana za siku hiyo wakakimbia au wakatembea, na mapato yakaenda kwa watoto ambao wazazi wao hawana uwezo.

Maradhi yenyewe ni ya namna mbili. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, mmoja hivi huja duniani na kasoro ya moyo, na iliyo mashuhuri ni tundu katika ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini, ambalo kwalo damu iliyokwisha kupata hewa safi hurudishwa mapafuni bure. Mama huona dalili kabla ya tabibu: mtoto hunyonya kidogo, akaacha, akahema, na jasho likamtoka kipajini ilhali amepakatwa kivulini. Mwingine, aliye mkubwa kidogo na midomo yake ni ya samawati, huchutama ghafla katikati ya mchezo, asijue kwamba kuchutama huko huisukuma damu zaidi kuelekea mapafuni. Namna ya pili mtoto hazaliwi nayo. Huanza kwa maumivu ya koo yaliyopuuzwa, yakaleta homa ya baridi yabisi, nayo ikaziharibu vali za moyo. Mwendeshaji wa baiskeli apandaye mwinuko wa Mazeras, kifua kikimwenda mbio, huonja kwa muda mchache hali aliyo nayo mtoto mwenye moyo mgonjwa hata akiwa amelala.

Upasuaji wa tundu huhitaji moyo usimamishwe, na mashine ishike kazi yake na ya mapafu, jambo lililofaulu kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1953 kwa mikono ya John Gibbon. Kisha tundu huzibwa kwa kiraka, na damu ikafuata njia yake. Watu wa Makupa wamekwisha kuuona mfano wake, kwani tuta la zamani lilikuwa limeuziba mkondo, na lilipoondolewa likajengwa daraja, maji ya bahari yakapata tena kupita.

Njia hii ya Nairobi, waama, ilizoea sadaka zamani kabla ya baiskeli hizi. Katika nyika kavu ya Taru, pale Mackinnon Road, madereva husimama penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, aliyekuwa pamoja na wajenzi wa reli, wakaomba dua na kutoa walichojaliwa. Na huko Makindu, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 humlisha kila mpita njia pasipo kumwuliza dini wala kabila.

Lakini wengi wa watoto wa pwani wenye maradhi ya moyo hupita njia iyo hiyo, mapajani mwa mama zao, kwenye basi la usiku, kwenda kupimwa, kupasuliwa na kuangaliwa tena. Na hesabu za wachangishaji aghalabu huishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Nani alipe nauli ya safari ya tatu? Nani amlaze mama Nairobi wiki ambayo mwanawe yu chini ya uangalizi? Na mtoto aliyewekewa vali ya chuma atatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na kupimwa damu, maisha yake yote. Lau ningeketi na waandaaji wa safari kama hizi, ningewaomba watenge fungu la nauli na malazi, na fungu jingine, dogo kwa kulinganisha, la sindano za penisilini za kila wiki tatu au nne, kwa mtoto aliyekwisha kuugua homa ya baridi yabisi na ambaye vali zake bado hazijafikia kisu.