Kisu Kisicho na Jina la Mhunzi

Anayekusanya visu vya Italia vya kufyatuka, vile vinavyofunguka kwa kubonyeza kitufe na vyenye mpini wa pembe halisi, hulipia vitu vitatu: chuma, pembe na jina. Chuma kizuri kiko kwingi. Pembe iko popote panapochinjwa ng'ombe. Jina ndilo adimu. Huko Maniago, kaskazini mashariki mwa Italia, ruhusa ya kuchepusha maji ya kijito cha Còlvera ili yaendeshe nyundo ilitolewa mwaka 1453, na wafua visu wa Scarperia, karibu na Florence, walikuwa na kanuni zao za kazi kwenye maandishi mwaka 1538. Kisu cha mkono kinachotoka miji kama hiyo kwa kawaida hugongwa chapa karibu na mpini, ya karakana au ya mji, na kutokana na chapa hiyo mjuzi huweza kukadiria miaka yake, kukilinganisha na ndugu zake na kugundua sehemu iliyobadilishwa baadaye. Ukifuta chapa hiyo, chuma ni kilekile na pembe ni ileile, lakini bei inaporomoka. Nalileta jambo hili Kitui na Makueni kwa sababu huko wapo watu wanaonunua sime za zamani, visu vya kazi na vibweta vya ugoro vya pembe, wakidhani wanajenga mkusanyo. Wanachojenga ni pambo la ukutani, na litabaki pambo mpaka waanze kukusanya majina.

Si kwamba hakuna cha kukusanya. Ukambani, ambako Kitui na Makueni ziko, ni nchi ya wahunzi wa siku nyingi. Wakamba waliyeyusha chuma kutokana na mchanga mweusi mzito unaobaki kwenye makorongo na mito ya msimu baada ya mvua, na Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Kitui mwaka 1849 akitokea pwani na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, alikisifu chuma cha nchi ile. Biashara ya misafara ilipoleta waya wa shaba na wa chuma kutoka Mombasa, wahunzi hawakukaa bure: waliuvuta ukawa mwembamba, wakasokota mikufu laini ambayo hata majirani zao waliinunua, na mafundi wa viti wakaupachika kwenye sura za viti vya miguu mitatu, duara ndani ya duara. Leo mchanga hauyeyushwi tena. Chuma cha sime na panga za kufuliwa kinatoka kwenye springi za lori na matupa yaliyoisha meno, na hilo si la kuonea haya. Springi ni chuma kizuri kwa kazi hiyo, kinashika makali na hakivunjiki ovyo. Tena kinaacha ushahidi: bamba la springi huwa na tundu la bolti katikati, na mhunzi asipojali kulikwepa, nusu ya tundu hilo hubaki kwenye shina la kisu, ndani ya mpini. Mkusanyaji anayejua kazi yake hufurahi kuliona kuliko kuona mng'aro.

Pembe nayo ina mambo yake, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganywa. Pembe ya ng'ombe ni ganda lililovaa juu ya mfupa, na ganda hilo limeumbwa na kitu kilekile kinachoumba kucha na nywele. Ukiipasha moto inalainika, unaweza kuibana ikawa bapa au kuipinda, na ikipoa inabaki ilivyo. Ukiielekeza kwenye mwanga, hasa pembeni ambako ni nyembamba, utaona mistari inayofuatana na urefu wake, na rangi inayopita kutoka nyeusi hadi ya asali bila mpaka mkali. Plastiki haina mistari hiyo, au inayo ikiwa inajirudia mno kuaminika. Mfupa una vidoadoa vya vinyweleo. Ukibaki na shaka, sindano iliyopashwa moto ikiguswa mahali pasipoonekana, chini ya ala au kando ya riveti, hutoa harufu ya nywele zilizoungua ikiwa pembe ni halisi. Kisha yapo maadui zake. Kiangazi kirefu cha Mutomo au Kibwezi huikausha ikasinyaa na kupasuka kwenye riveti, kwa kuwa chuma hakisinyai pamoja nayo. Ikipelekwa Mombasa inavuta unyevu na kuvimba. Wadudu wanaokula ngozi na manyoya huila pia. Kukisitiri kisu ndani ya ala ya ngozi miaka kumi ni kukiharibu, maana chumvi na dawa zilizotumika kuilainisha ngozi hukivisha kutu. Kosa baya kuliko yote hayo, hata hivyo, ni la mwenye kisu mwenyewe: anachukua msasa, anausugua mpini, anapaka vanishi, na alama zote za mkono wa aliyekitumia zinaondoka kwa mchana mmoja.

Sasa turudi kwenye jina. Mswidi Gerhard Lindblom aliishi Ukambani miaka ya 1911 na 1912, akakusanya vifaa vingi na kuandika kitabu kikubwa kuhusu Wakamba kilichotoka Uppsala mwaka 1920. Ni kazi ya thamani, na wengi wetu tungekuwa gizani bila yake. Lakini desturi ya wakati ule ilikuwa kuandika kabila na matumizi: mshale, Kamba; kiti, Kamba; kibweta cha ugoro, Kamba. Aliyekichonga hakuulizwa. Mradi wa Kenya na Ujerumani ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya kati ya 2018 na 2021 uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje, na kwa sehemu kubwa sana ya vitu kama hivyo popote duniani jina lililohifadhiwa ni la Mzungu aliyevichukua au aliyevitoa zawadi. Kwa Makueni shida ni mara mbili. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992, kwa hiyo kitu kilichotengenezwa Kibwezi au Mbooni mwaka 1930 kitakuwa kimeandikwa Machakos, au Ukamba tu, na hakuna mtu wa Makueni atakayekipata kwa kutafuta jina la kwao.

Kuna jibu ambalo hutolewa haraka kila hoja hii inapoanza, kwamba desturi yetu haikuwa na habari ya fundi mmojammoja. Kazi ilikuwa ya jamii, na kutaka jina ni kuiga watu wa makumbusho. Jibu hilo lina heshima ndani yake, lakini ushahidi haukubaliani nalo. Wakamba walikuwa watu wa alama. Kila ukoo ulikuwa na chapa yake ya kuchomea ng'ombe, na alama za umiliki zilichorwa kwenye mizinga ya nyuki na kwenye mishale. Mshale wenye alama ulimaliza ubishi wa nani aliyempiga mnyama kwanza, na mzinga wenye alama uliweza kukaa juu ya mbuyu mbali na nyumbani bila mtu kuugusa. Kweli, alama hiyo ilisema kitu ni cha nani, haikusema nani alikitengeneza, na tofauti hiyo siifichi. Hata hivyo inaonyesha kwamba kuandika habari za mtu juu ya chombo ni jambo lililoeleweka vizuri Ukambani zamani sana. Na aliyekitengeneza alijulikana pia, ila hakuhitaji kuandikwa: soko lilikuwa dogo, mnunuzi alimfahamu mhunzi, mkono wake ulitambulika kwa namna alivyoinua mgongo wa bapa au alivyofunga mpini. Jina lilikaa vichwani mwa watu. Vichwa hivyo vinapungua, na kisu kikishavuka Emali kuelekea Nairobi hakina hata kimoja cha kukisemea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Jina likianza kuleta pesa, litaghushiwa. Italia yenyewe ni shahidi: jina la nchi hiyo limegongwa kwenye visu vya bei rahisi vilivyotengenezwa Asia, vyenye mpini wa plastiki yenye mistari ya kuigiza pembe, na watalii wanavibeba kwa furaha. Kwa nini basi tuwape waghushi wa soko la Gikomba, Nairobi, kazi nyingine? Kwa sababu chapa peke yake si kumbukumbu. Kinachomlinda mkusanyaji wa Maniago si zile herufi, ni kwamba herufi hizo zina mahali pa kuzipeleka: daftari la karakana, picha za visu vingine, watu wanaojua karakana fulani ilitumia riveti gani miaka gani. Chapa isiyo na daftari inaghushiwa kwa dakika tano. Daftari lenye jina la mhunzi, kijiji, mwaka, asili ya chuma, mnyama aliyetoa pembe, mtumiaji wa kwanza na matengenezo yaliyofanywa tangu hapo, pamoja na picha ya pande zote mbili, haliigiki kirahisi, kwa kuwa kila mstari wake unaweza kwenda kuulizwa Mwingi au Wote. Mimi ningenunua kisu kibovu chenye ukurasa kamili kabla ya kizuri kisicho na chochote. Bapa lililonolewa mpaka likawa jembamba, ambalo wauzaji huliona hasara, hapo linageuka kuwa habari: linaonyesha kazi iliyofanyika na upande alionolea mwenye nalo.

Wengine watauliza kama ni busara kuhimiza mkusanyo wa silaha. Swali ni halali na sheria imeshalijibu kwa kiasi. Marekani ilizuia biashara ya visu vya kufyatuka kati ya majimbo yake mwaka 1958, Uingereza ikapiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza mwaka 1959, zote zikihofia magenge ya vijana. Sime si kisu cha kufyatuka, ni chombo cha shambani na cha mchungaji, lakini kutembea nayo mjini bila sababu ni kujitafutia kesi, na mkusanyo mahali pake ni kabatini. Linalohitaji uangalifu zaidi huku ni pembe. Kitui na Makueni zinapakana na Tsavo, na vitu vya zamani vyenye pembe za choroa, tandala au nyati havikosekani nyumbani kwa watu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, biashara ya nyara za wanyamapori ikafuata mwaka 1978, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamfanya mwenye kumiliki nyara bila kibali kuwa mkosaji, hata kama babu yake ndiye aliyeipata. Kwa hiyo swali la mnyama gani alitoa pembe si la urembo. Vilevile Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inakihesabu kitu kilichotengenezwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakisafirishwi nje bila ruhusa. Angalia jinsi sheria zote mbili zinavyomrudisha mtu kwenye jambo lilelile: asiyejua nani, wapi na lini hawezi hata kujua kama yuko upande sahihi wa sheria.

Linabaki suala la pesa, ambalo waandishi wa sanaa hupenda kulizunguka. Mhunzi wa jua kali anauza sime kwa bei inayofuata uzito wa chuma na muda wa mkaa. Anayeinunua akaisugua na kuiuza Nairobi kama kitu cha kale hupata faida yote, na anaweza kufanya hivyo kwa sababu tu kitu hakina jina. Ukambani pana mfano wa kinyume. ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, ilipowasaidia wafuga nyuki wa Mwingi kuwa na soko lao la asali, asali hiyo ilianza kuuzwa kwa kutajwa inakotoka badala ya kumiminwa kwenye pipa la dalali. Visu havihitaji taasisi kubwa hivyo. Mkusanyaji aagize kipya badala ya kuvizia cha marehemu, alete mwenyewe pembe ya ng'ombe kutoka machinjioni, alipie chapa kama anavyolipia mpini, na aache nakala ya ukurasa wa daftari kwa mhunzi. Chapa yenyewe inafulika kutokana na kipande cha tupa kuukuu: herufi mbili tatu za jina, na tarakimu za mwaka. Igongwe kwenye bapa, upana wa vidole viwili kutoka mpinini, isiwe chini ya pembe, maana pembe itakuja kupasuka na kubadilishwa. Na igongwe kisu kikiwa bado hakijatiwa maji, kwa sababu baada ya hapo chuma kinakuwa kigumu mno kupokea herufi.