Fahamu: Kwa nini meno hukaguliwa kabla ya kupandikizwa uloto

Mtoto wa Tanga mwenye selimundu anayekwenda kupandikizwa uloto Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ambako huduma hiyo ilianza 2023, anahitaji kwanza kukaguliwa kinywa.

Sababu ni dawa kali zinazotangulia. Huua uloto wa zamani, na kwa wiki kadhaa chembe nyeupe za damu hubaki chache mno. Jino bovu lililokaa kimya miaka yote, usaha umejificha kwenye mzizi, huwa mlango wa bakteria kuingia kwenye damu.

Jino la kung'olewa ling'olewe mapema, ikiwezekana siku 10 hadi 14 kabla ya dawa, ili kidonda kifunge. Afadhali kazi hiyo imalizike Hospitali ya Bombo, Tanga, kabla ya safari.

Na mswaki wakati wa matibabu? Laini, na hauachwi.